Mchwa Ndani ya Boriti: Tuliyoyapitia Katika Nyumba Yetu Mpya Lamu

Tulihamia Mkomani, mtaa wa nyumba za mawe mjini Lamu, mwishoni mwa Januari, kaskazi ikivuma, na kwa wiki tatu za mwanzo nilikuwa nikiamka usiku kuitazama dari kwa furaha. Nilizaliwa Lamu lakini nikalelewa Mombasa, na kurudi kununua nyumba ya mawe katika mji wa wazee wangu lilikuwa jambo tulilojiwekea akiba kwa miaka kumi na moja, mimi kwa mshahara wa ualimu na mume wangu, ambaye ni mtu wa Malindi, kwa kazi yake ya kutengeneza mashine za mashua.

Kosa la kwanza tulilifanya kabla ya kulipa. Tuliletwa na dalali mara mbili, zote alasiri, na mara zote macho yangu yalikwenda kwenye vidaka, ambavyo sisi Waamu huviita zidaka, vile vishubaka vya chokaa vilivyopangwa ukutani katika chumba cha ndani. Nilivihesabu, nikavipigia picha, nikamtumia mama. Boriti za dari zilikuwa zimepakwa rangi ya kahawia iliyokoza, mpya, inayong'aa, nami nikaona kwamba mwenye nyumba alikuwa mtu wa kujali mali yake. Sikunyanyua mkono hata mara moja kugonga mbao. Fundi aliyekuja kutuokoa baadaye alinieleza kwamba boriti za Lamu kwa desturi hupakwa rangi nyekundu na nyeusi kwa mapambo, au huachwa zilivyo, na kwamba rangi mpya nzito juu ya boriti kuukuu katika nyumba inayouzwa ni jambo la kuulizia. Kwa asubuhi nzima ya kuikagua nyumba, fundi huyo hutoza shilingi 1,500. Tulilipa akiba ya miaka kumi na moja kwa nyumba, tukaona uzito kumwita mtu wa shilingi 1,500.

Kwa asiyezijua nyumba zetu, ni vyema aelewe kwa nini jambo hili lilitutia hofu kiasi kile. Kuta ni za mawe ya matumbawe na chokaa, nene kama urefu wa mkono kutoka kiwiko hadi ncha za vidole, na huo unene peke yake hauna shida. Dari ndiyo yenye kuhitaji mti. Boriti za mikoko hulazwa karibu karibu kutoka ukuta hadi ukuta, juu yake hupangwa vipande vya mawe, kisha chokaa hushindiliwa mpaka ikawa sakafu ya ghorofa ya juu. Ndiyo sababu vyumba vyetu ni virefu na vyembamba: upana wa chumba haupiti urefu wa boriti. Kwa hiyo mchwa katika nyumba ya Lamu si habari ya kabati au kiti. Ni habari ya tani za mawe zilizo juu ya kitanda cha mtoto.

Dalili zilianza katikati ya Februari. Kila asubuhi nilikuta kwenye shuka la mwanangu, upande wa ukutani, kirundo kidogo cha chembechembe za rangi ya chai ya maziwa. Nilidhani ni mchanga wa dari. Nilizifagia, nikasogeza kitanda kidogo, na kesho yake nikazikuta pale pale, chini ya boriti ile ile. Nilifagia hivyo kwa wiki sita. Siku moja mwanangu, aliyekuwa na lenzi ndogo ya kukuzia ya masomo ya sayansi, alizimimina kwenye karatasi nyeupe akaniita. Zilikuwa ngumu; ukizisugua baina ya vidole hazisagiki wala hazipaki, bali zinabingirika. Chini ya lenzi, kila chembe ilikuwa na umbo moja na mwenzake: ndefu kidogo, ncha zake za mviringo, ubavuni ina pande sita zilizobonyea, kama punje ya mpunga iliyochongwa kwa patasi. Mchanga hauchongwi hivyo. Kilikuwa kinyesi cha mchwa wa mbao kavu, ambao hutoboa tundu dogo kama ncha ya sindano, husukuma uchafu wao nje, kisha huliziba.

Laiti ningejua tofauti hizi mapema, tungeokoa fedha nyingi. Chembe ngumu zenye pande zinaonyesha mchwa wa mbao kavu, ambao hawahitaji udongo wala maji ya nje, na ukoo wao mzima huweza kuishi ndani ya kipande kimoja cha mti. Unga laini kama wa ngano, unaotoka kwenye vitundu vya mviringo vilivyo wazi, ni kazi ya fukusi. Mirija ya udongo inayopanda ukutani, upana wake kama penseli, ni ya mchwa wa ardhini, ambao hawawezi kuishi bila unyevu na ambao kila siku hurudi chini. Hawa ni maadui watatu tofauti, na njia ya kupambana na mmoja mara nyingi haimfai mwingine.

Kosa letu la pili ni kwamba hatukuuliza ni yupi kati yao. Mume wangu alinunua mikebe minne ya dawa ya kupuliza, shilingi 2,400, tukapuliza kila boriti. Kirundo kilirudi baada ya siku mbili. Tukamwita mtu mwenye bomba la mgongoni, akapuliza nyumba nzima kuanzia daka, yaani ukumbi wa mlangoni, hadi paa la makuti kwa shilingi 18,500, akatuambia tulale kwa jamaa usiku mmoja. Hakutuuliza kuhusu maji, nasi hatukufunika kitu.

Katika choo chetu mna birika la kale la chokaa, na kama ilivyo ada ya nyumba nyingi za Lamu, lilikuwa na samaki wadogo wa kula viluwiluwi vya mbu. Samaki wale watano tulipewa na bibi jirani yetu siku tuliyohamia, wakiwa katika kopo la maziwa. Tuliporudi asubuhi tuliwakuta wote wakielea ubavu juu. Sehemu kubwa ya dawa hizi za kupuliza zimetengenezwa kwa kuiga pareto, na ni sumu kali mno kwa samaki hata zikiwa chache majini. Bibi alipokuja kutujulia hali, alisimama juu ya birika kwa muda, kisha akasema polepole kwa Kiamu chake, ambacho maji huitwa mai, "Mwanangu, mai yaliyoua samaki ndiyo aogeayo mwanao." Sikuwa na jibu. Tulimwaga maji yote, tukasugua birika mara tatu, na kwa wiki nzima nilimwogesha mtoto kwa maji ya kununua. Baada ya yote hayo, chembechembe ziliendelea kuanguka, kwa sababu dawa ya kupuliza huua kinachoguswa nayo, na mchwa wa mbao kavu huishi ndani ya mti, hawatoki nje ila wenye mbawa wanaporuka.

Kosa la tatu lilikuwa la ushauri wa jamaa, na nalisema kwa heshima, kwani mjomba wa mume wangu alikuja kutoka Malindi kwa nia njema kabisa. Alisema boriti zipakwe oili chafu ya injini, kama wanavyopaka nguzo za ua. Tulipaka tisa. Oili haikuingia ndani ya mti uliokwisha kupakwa rangi; ilibaki juu, ikanuka, ikadondokea godoro, na chumba kikawa hakikaliki. Nguzo ya ua iko nje, kwenye upepo. Dari iko juu ya pua ya mtu, na tena karibu na jiko na mshumaa. Baadaye fundi alilazimika kuikwangua kwa siku mbili, nasi tukamlipa shilingi 3,000 zaidi, kwa sababu dawa nzuri haipenyi palipo na mafuta.

Masika yaliingia Aprili. Jioni ya mvua ya pili kumbikumbi walijaa kwenye taa, watoto wakafurahi, nami nikafurahi nao, kwa kuwa kumbikumbi wa mvua ni jambo la kawaida. Lakini asubuhi niliona mbawa zimerundikana ndani ya kidaka kimoja, katika chumba ambacho dirisha lake lilikuwa limefungwa usiku kucha. Mbawa zilizoanguka nje ya nyumba hazina maana kubwa. Zikirundikana ndani ya chumba kilichofungwa, waliozivua wametoka humo humo.

Siku ile niliamua kuvuta kila kitu kutoka ukutani, na katika chumba cha chini, kilichopakana na choo, nikavuta sanduku la marehemu baba. Lilikuja jepesi kuliko lilivyopasa. Nyuma yake mrija wa udongo ulikuwa umepanda kutoka kwenye ufa wa sakafu hadi kwenye mbao, mbichi, bado una giza la unyevu. Ndani mlikuwa na kanga za nyanya yangu na madaftari ya baba. Baba alikuwa karani wa jahazi katika miaka ambayo boriti za Lamu zilivushwa hadi Arabuni, kabla ya serikali kupiga marufuku kuziuza nje mwaka 1982, na katika madaftari hayo aliandika, kwa hati za Kiarabu, kila mzigo: korija ngapi za pau na korija ngapi za mazio, ambayo ni miti ya mikoko myembamba kuliko boriti, korija ngapi za boriti, kila korija ikiwa miti ishirini. Nilifungua la juu. Jalada lilikuwa zima. Kurasa za ndani zilikuwa zimeliwa kuanzia katikati kwenda nje, pembeni pamebaki ukingo mwembamba wa karatasi wenye mistari ya wino, na katikati udongo mkavu umekaa mahali pa maneno. Katika madaftari sita, mawili yalisalimika. Nilikaa sakafuni hadi adhana ya adhuhuri.

Usiku ule mume wangu alitaka tuipake nyumba rangi tuiuze kama tulivyouziwa. Nilimwambia sitamfanyia mtu mwingine nilichofanyiwa. Tulikaa siku nne tukizungumza mambo ya watoto tu. Nalitaja hili kwa sababu wengi wanaopita katika jambo kama hili huona aibu kusema kwamba lilifika hadi huko, na mtu anayeanza leo anapaswa kujua kwamba uchovu wa kutolala na wa fedha zinazopotea huwageuza watu wawili wanaopendana kuwa wakali, na kwamba hali hiyo hupita.

Bibi jirani ndiye aliyetuletea fundi, mzee wa zaidi ya miaka sabini aliyejenga na kukarabati nyumba za Mkomani maisha yake yote. Hakuja na dawa. Alikuja na patasi, nyundo ndogo na chaki. Aligonga kila boriti kwa mpini wa patasi, akitega sikio, mwanzo kwenye ncha zinazoingia ukutani na kisha katikati. Mti mzima hutoa sauti fupi, kavu. Ulioliwa hutoa sauti ya debe tupu. Alinipa mpini nijaribu mwenyewe, na baada ya boriti nne tofauti ilikuwa wazi kama sauti za watu wawili. Katika boriti 34 za chumba kile alizitia msalaba saba za kubadilishwa, akazitia mstari kumi na moja za kungojwa, na zilizobaki, zilizo nzima, akazipiga duara. Nilikuwa nimejiandaa kusikia kwamba dari nzima imekwisha. Wingi wa mchwa ulikuwa kwenye miimo ya madirisha na rafu, mbao laini zilizoongezwa miaka ya karibuni. Boriti za mkoko na mkandaa, mti mwingine wa jamii ya mikoko, zilikuwa zimewapa kazi ngumu.

Kisha akashuka chumba cha chini, akaweka kiganja ukutani. Birika lilikuwa na ufa, na maji yalikuwa yakiingia ukutani kidogo kidogo, pengine kwa miaka. Mwenye nyumba aliyetutangulia alikuwa ameona ukuta unavunda, akaupiga plasta ya saruji ili kuficha. Ukuta wa matumbawe na chokaa hupumua. Ukiuziba kwa saruji, unyevu haupati pa kutokea, nao hupanda juu na kukaa kwenye ncha za boriti. "Mchwa hawaji kwa ubaya," alisema fundi, "waja kwa mai." Kwa hiyo mlikuwa na makundi mawili katika nyumba moja: wa mbao kavu juu, wa ardhini chini, na sisi kwa miezi mitatu tulipigana nao kana kwamba ni kitu kimoja.

Kabla ya kazi kuanza, wafanyabiashara wa dawa kutoka nje ya kisiwa walitupa bei ya shilingi 85,000 kutoboa sakafu na kumwaga dawa chini ya nyumba. Niliomba kuuona mtungi. Haukuwa na namba ya usajili ya PCPB, bodi ya serikali inayosajili dawa za wadudu, na kisima chetu kiko hatua sita kutoka pale walipotaka kutoboa. Lamu tunaishi juu ya maji yetu wenyewe. Mji hunywa maji yanayohifadhiwa chini ya michanga ya Shela, na visima vya majumbani bado vinatumika. Zamani dawa kama dieldrini na aldrini zilimwagwa chini ya nyumba bila kufikiriwa, hadi zikaingizwa katika mkataba wa kimataifa wa Stockholm wa mwaka 2001, wa kukomesha sumu za aina hiyo, kwa sababu hukaa katika udongo na katika miili ya viumbe kwa miaka mingi. Nilikataa, na katika maamuzi yetu yote hilo ndilo ninaloliamini zaidi hadi leo.

Tulipita kwanza katika ofisi ya uhifadhi wa Mji Mkongwe wa Lamu, kwa kuwa nyumba iliyo ndani ya eneo la urithi, lililotambuliwa na UNESCO mwaka 2001, haiguswi umbo lake bila idhini. Andaa picha na maelezo ya kila boriti utakayobadilisha.

Kazi yenyewe ilichukua siku 26, lakini zilitawanyika katika miezi minne, kwani fundi alikataa kufanya chochote juu kabla ya kukausha chini. Alitengeneza birika kwa chokaa, akabandua saruji hadi kimo cha kifua katika kuta tatu, akauacha ukuta uchi upigwe na upepo wa kusi kuanzia Juni. Lundo la mbao kuukuu na makuti nyuma ya ukuta wa kiwanda, yaani ua wa nyumba, ambalo tulikuwa tumeliona siku zote bila kulifikiria, lilikuwa limejaa mirija upande wa chini. Likatolewa na kuchomwa. Mirija ya ndani tuliivunja, tukaandika tarehe ukutani kwa penseli. Ule wa nyuma ya sanduku ulijengwa tena baada ya siku mbili. Tukauvunja; ukarudi baada ya tisa. Baada ya hapo haukurudi. Njia hii haigharimu kitu, na inakuonyesha kwa macho yako kama unashinda au la.

Boriti mpya tulizinunua kwa mkataji mwenye kibali cha huduma ya misitu, na tuliomba tukione. Marufuku ya ukataji miti ya mwaka 2018 iliwaumiza vibaya wakataji wa mikoko wa hapa, na anayenunua mti wa magendo anawaumiza tena wale wanaofuata sheria. Zilikuja kwa mashua hadi gatini, na kwa punda hadi mlangoni. Hakuna boriti iliyotolewa kabla dari haijatiwa tegemeo pande zote mbili, na zilitolewa moja moja. Ncha za boriti mpya zilichovywa katika maji ya boraksi na asidi ya boriki, dawa za kulinda mbao, zikaachwa na nafasi ya hewa ukutani badala ya kuzungushiwa saruji. Zile kumi na moja za kungojwa, na miimo yote, zilitobolewa vitundu vyembamba kila baada ya shibiri moja, dawa hiyo hiyo ikasukumwa ndani kwa sindano hadi ikatokea tundu la pili. Dawa hii haina ukali wa zile nyingine kwa binadamu, ila vaa glavu, na mtoto asiisogelee. Haifai palipo na maji, kwa kuwa huyeyuka na kuondoka, na hiyo ni sababu nyingine ya kukausha kwanza. Viti viwili vidogo na fremu za picha nilivifunga katika nailoni nyeusi, nikaviweka juani kwenye sakafu ya juu siku tatu za Agosti, kwani mchwa hawastahimili joto la zaidi ya nyuzi 50 likifika kiini cha mti. Viti vilitakata. Fremu moja ilipinda.

Jumla tulitumia shilingi 135,000, na ndani yake 23,900 zilikwenda kwenye dawa za kupuliza, bomba na oili, yaani zilipotea.

Sasa kuna karatasi nyeupe juu ya kila kidaka na chini ya kila boriti yenye mstari, na kila karatasi ina tarehe. Ijumaa asubuhi, kabla ya kufagia, ninazikagua kwa lenzi ya mwanangu. Tangu Septemba zimekuwa safi, isipokuwa moja, chini ya dirisha la kaskazini, ambayo wiki iliyopita nilikuta juu yake chembe kumi na nne. Nimezikunja katika karatasi hiyo hiyo, na fundi anakuja Alhamisi na sindano yake. Bibi jirani ametuletea samaki wengine watatu. Wamo birikani, na mmoja ana mimba.